Ukurasa wa Saba wa Leseni Yangu

Kaeni karibu, wanangu, na wewe Nusura funga mlango, maana ninayosema si ya majirani. Pumzi yangu ni fupi, mnaisikia wenyewe, na kesho asubuhi kaka yako Kamis anasimama kortini, kwa hiyo wosia huu siwezi kuuahirisha.

Mali nitaimaliza haraka kwa sababu ni kidogo. Nyumba hii ya Namuwongo ni yenu wawili, isiuzwe maadamu mmoja wenu bado analala ndani yake. Cherehani ya marehemu mama yenu Jalia ni ya Nusura. Sanduku la spana na jeki ni vya Kamis. Hayo yamekwisha. Sasa sikilizeni jambo linalonichoma kuliko kifua hiki.

Leo mchana alikuja hapa Nashon, bosi wa Kamis, ambaye zamani alikuwa bosi wangu. Alikuja na kilo mbili za sukari, wakati huu ambapo watu wanapanga foleni tangu alfajiri na kurudi na mfuko mtupu. Akakaa kwenye kiti hicho, akaniambia, "Mzee Jafar, mwambie kijana akubali tu kwamba alikimbiza gari. Faini nalipa mimi. Lori litoke polisi, nyanya zinaoza." Nikamwuliza, "Na breki?" Akacheka. "Mzee, breki haziendi kortini."

Breki haziendi kortini! Kamis alimwambia mara tatu kwamba breki zimekufa, na mara tatu akajibiwa aendeshe polepole, mpaka lori likamshinda kwenye mteremko wa Bukoto na kuvunja baraza la duka. Mungu aliwaondoa watu pale. Lakini Nashon anajua kwamba mkaguzi akisikia neno breki, lori litazidi kuzuiliwa, na spea hazipatikani nchi nzima. Ndiyo maana anataka kosa liwe la mguu wa mwanangu.

Maneno hayo si mapya kwangu. Mwaka wa sabini na mbili nilikuwa natoka Jinja na samaki wa Nashon, jua liko utosini, na pale Lugazi gari la jeshi likachomoka barabara ndogo likanigonga ubavuni. Askari aliyeshuka alinuka pombe ya waragi. Alipotambua kwamba mimi ni Mnubi mwenzake alinisalimia kwa lugha yetu, akaniita mjomba, kisha akaniwekea bunduki kifuani: "Haya mjomba, nani amemgonga mwenzake?" Na watu wa mji huu bado wanadhani, kwa kuwa askari wengi ni wenzetu, bunduki hizi hazituangalii sisi Wanubi! Nashon akaja polisi mbio. "Jafar, kubali. Samaki wanaoza. Kiti chako hatakikalia mtu mwingine." Nikakubali. Hakimu akanifungia leseni miezi sita, karani akaugonga mhuri ukurasa wa saba, na kabla wiki haijaisha kiti changu kilikuwa na dereva mwingine.

Miezi sita ikapita, nikarudishiwa leseni. Hakimu alisema nimemaliza. Lakini mabosi wa malori, wanangu, nani aliwapa kazi ya kunihukumu upya? Kila mahali ilikuwa hivyo hivyo: naambiwa nirudishe lori kinyumenyume hadi mlango wa ghala, narudisha bila kugusa ukuta, wanasifu, "Huyu ndiye dereva!" Kisha wanaomba kitabu cha leseni, wanalamba kidole, wanafunua mpaka ukurasa wa saba. Hakuna aliyeniuliza ilikuwaje. Mmoja alinirudishia kitabu kwa ncha za vidole, akasema, "Mzee, hapa tunabeba mizigo, hatubebi mikosi." Miaka kumi na tisa barabarani, sijaua hata mbuzi, na mhuri mmoja ukasikilizwa kuliko mimi!

Kosa langu mwenyewe silifichi. Nilichukua wembe, nikaukata ukurasa ule. Nilidhani nimefanya akili. Nikaenda kwa tajiri mmoja wa mbao, akafunua, wa sita, wa tisa, akaniangalia. "Wa saba umekwenda wapi, mzee?" Wapakiaji wake wakaangua kicheko: "Ameula!" Tangu siku hiyo sikuwa tena mtu aliyewahi kufungiwa leseni, nilikuwa mwongo, na mabosi wanaambiana. Nikaishia soko la Owino kubeba magunia ya maharagwe mgongoni, mimi niliyepeleka tani saba hadi Gulu. Kifua hiki kiliharibikia huko.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Nilimwendea Nashon, nikamwambia, mimi hukunirudisha kazini, basi mchukue mwanangu. Nilikupeleka kwake mimi mwenyewe, Kamis. Nisamehe.

Sasa shikeni agizo. Nusura, kesho kabla ya chai umrudishie Nashon sukari yake, mbele ya watu wake. Kamis, usikubali. Mimi nilikuwa na bunduki kifuani. Wewe mbele yako una tumbo la Nashon tu. Atakufukuza, ndiyo. Lakini anayefukuzwa akiwa na kitabu safi hufukuzwa na mtu mmoja. Mwenye mhuri hufukuzwa na watu asiowajua, mpaka anazeeka. Fundi Omolo aliziona breki zile, ameniahidi atasimama nawe. Na hakimu akikufungia leseni hata hivyo, usiguse wembe. Uufunue ukurasa wewe mwenyewe, useme ilivyokuwa, hata wakikucheka.

Nashon msimtukane. Ila siku ya kunizika, mkono wake usiguse jeneza langu.

Nusura, niinue kidogo... basi, hapo. Mna radhi yangu nyote wawili. Mungu awape riziki isiyowainamisha uso... awaweke pamoja.

Kamis, sogea. Niambie utakayomwambia hakimu, niyasikie... Unanong'ona, mwanangu. Kule ni ukumbi mkubwa... Tena... Inua sauti... tena.