Bi Solange na Koseti Iliyokataa Kufungika

Bi Solange Vernhet anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, baada ya miaka thelathini na moja katika chumba cha mavazi cha ukumbi wetu. Karibu kila tundu la kamba mliloliona mgongoni mwa koseti za kale, yale mavazi ya kubana kiuno, hapa jukwaani, limeshonwa kwa mkono wake, na ufundi huo nilimfundisha mimi, Fulbert, seremala wa jukwaa.

Basi, sikumfundisha. Nilimletea nyundo. Alikuwa mgeni hapa, nikamwona ameinamia tundu moja muda wa kutosha kuivisha viazi. Nikamwambia, "Dada, siku hizi kuna vipete vya chuma. Unagonga mara moja, unakwenda kunywa kahawa." Akanijibu kwamba nguo ile ni ya enzi za mawigi ya kupakwa unga, vipete hivyo vilikuwa havijazaliwa, na nyundo yangu niirudishe kwenye misumari. Huo ndio mchango wangu wote katika fani hii, ukiacha nta. Nta ya nyuki ninayopaka droo zisikwame, ndiyo hiyo hiyo anayopaka uzi wake wa kitani. Huja, hukata kipande, huondoka. Kuomba hajui.

Kazi yenyewe nimeitazama sana, hasa nilipokuwa nakwepa yangu. Anausukuma msharasi, ile sindano nene ya kutobolea, polepole, anauzungusha, nyuzi za kitambaa zinasogea kando bila kukatika. Kisha anashona kuzunguka ukingo, mshono ubavuni mwa mshono, mpaka tundu linakakamaa kama jicho la samaki wa kukaanga. Siku moja Gaspard Lemoyne, mkuu wetu wa mavazi, alisema tundu moja limelalia kushoto. Bi Solange hakumsalimia mpaka alipoleta rula, akapima, akaomba radhi.

Likumbukeni hilo, maana ndilo lililonichanganya baadaye.

Majira ya baridi mwaka juzi tuliandaa ile opera ya mtumishi na binti wa kifalme. Binti wa kifalme alikuwa Maëlle Tissandier, sauti tunayoijua wote, na nafasi hiyo alikuwa ameisubiri tangu alipokuwa anaimba nyuma kabisa, karibu na pazia. Koseti ikamkaa vizuri siku ya kwanza. Mgongoni palibaki upenyo wa vidole viwili, kama inavyotakiwa. Juma lililofuata, vidole vitatu. Kisha kiganja.

Gaspard akasema, "Vuta basi, mama. Vuta kamba."

"Sivuti," akasema Bi Solange. "Matundu nimeyatoboa vibaya. Nitarudia."

Akafumua, akaongeza ukanda wa kitambaa, akatoboa na kushona upya. Likapita juma, upenyo ukarudi. Akafumua tena. Jamani, tulichanganyikiwa. Kitani kililaumiwa kuwa kinasinyaa. Jiko la kupasha chumba moto likalaumiwa. Mfuaji akalaumiwa, naye akanisukumia mimi, eti vumbi la mbao zangu linakausha nguo. Gaspard akachukua rula na kukipima kitambaa mbele yetu, akakuta hakijasinyaa hata chembe. Wote tukamgeukia Bi Solange.

"Ni macho yangu, Gaspard," akasema. "Uzee huo."

Mwanamke aliyenuna kwa ajili ya tundu moja lililodaiwa kulalia kushoto, leo anakubali kuharibu mgongo mzima. Nilidhani anaumwa.

Maonyesho yalipokwisha, koseti zikaondolewa mezani pake, zikapelekwa kwa mafundi wa nje. Yeye akapewa makoti ya walinzi, ashone vifungo. Wapya waliokuja nyuma yake wakamjua kama bibi wa vifungo aliyeishiwa macho. Naye akashona vifungo huku anaimba. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi.

Machi mwaka huu Maëlle akaja kututembelea na bintiye. Mtoto anatembea, anaongea, na anavuta kila kinachoning'inia. Maëlle akauliza kwa nini Bi Solange yuko kwenye vifungo. Gaspard akamweleza habari za macho, kwa upole kabisa, kama mtu anayezungumzia marehemu.

Maëlle akasema, "Gaspard, ile nguo ilikuwa sawa na matundu yalikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekuwa naongezeka."

Hakuwa amemwambia mtu. Aliogopa kunyang'anywa nafasi. Lakini anayefunga kamba husimama nyuma yako juma baada ya juma, na upenyo haudanganyi. Bi Solange alimwuliza kitu kimoja tu, kama anapumua vizuri. Baada ya hapo akawa anaupanua mgongo ule ili mtu asiivute kamba.

Gaspard alikaa juu ya kikapu cha mawigi, ambacho hakikutengenezwa kwa kukaliwa. Kisha akaenda kuleta koseti ya opera inayokuja, akaiweka mbele ya Bi Solange.

"Ngoja nimalize kifungo hiki," akasema Bi Solange.

Nilimwuliza baadaye kwa nini alinyamaza hata mtoto alipokwisha kuzaliwa. Akasema, "Ningewaelezaje matundu bila kuwaeleza tumbo? Na tumbo lilikuwa la nani?" Maëlle mwenyewe ndiye aliyetaka haya yachapishwe, tena kabla ya Ijumaa, ili Bi Solange atoke hapa na jina lake. Gaspard ndiye aliyepaswa kuandika. Alianza, akachana, akaanza, akachana, ndiyo maana mmeangukia mikononi mwa seremala.

Bado sielewi mtu anawezaje kuimba huku akidharauliwa. Labda aliona watu wawili wakipumua, ikamtosha.

Bi Solange, asante. Unakwenda kwa dada yako, mwenye kuku wakali na ulimi mkali kuwazidi. Uamke utakapo, ule ushibe, na asikuguse mtu bega kuuliza utamaliza lini.

Ila kabla hujafunga kikapu chako: mkanda wangu wa turubai, ule wa kuning'inizia nyundo, umeishiwa matundu. Uliniahidi moja kwa ajili ya ile nta. Mimi nami naongezeka, na tumbo langu si siri. Nimeuacha mezani pako, mahali pa kutoboa nimepawekea alama ya penseli.