Meza Iliyokwenda Ikulu

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, mama mmoja mpiga pasi alikuwa amemkalia kooni mwalimu ambaye hata hamjui.

"Huyo kiongozi wenu alipanda juu ya meza yangu," alisema. "Siku ile watu wamefurika barabarani, wanataka serikali iondoke, na hakuna wa kuwaongoza. Yeye alikuja kwangu kuchukua suruali yake tu. Akaniuliza, 'Mama, nipande hapa kidogo?' Kidogo! Alihutubia mpaka wakambeba juu juu, yeye na meza yangu, hadi ikulu."

"Lakini mama, meza hiyo sasa iko makumbusho," mwalimu alisema kwa unyenyekevu. "Imeingia kwenye historia."

"Na mimi nipigie pasi wapi, kwenye historia? Napigia kitandani, mgongo umekwisha. Nimeifuata huko makumbusho, mlinzi ananiambia nisiiguse!"

"Mapinduzi yanataka watu wajitoe, mama."

"Mimi nimejitoa. Yeye hata suruali hajaifuata."

Nilikohoa ili nisicheke. Mara basi likasimama, dereva akazima injini: msafara wa kiongozi ulikuwa unapita. Enzi za yule aliyeng'olewa tulikuwa tunasimamishwa hapa hapa. Mwalimu akainuka haraka, akatoa mkono dirishani kupunga. Shati lake lilikuwa limekunjamana kama limetoka kutafunwa na ng'ombe. Mama akalitazama, akasonya.

"Mpungie, baba, mpungie sana," alisema. "Akiliona hilo shati, huenda ataikumbuka meza yangu."