Severina Gabrieli Msengi, Aliyetenganisha Mlima na Bonde

Mchungaji, wazee wetu, ndugu na majirani mliofika hapa Misigiri, familia inawasimulia kwa ufupi maisha ya dada yetu, Severina Gabrieli Msengi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kitongoji cha bondeni, mtoto wa kwanza wa Mzee Gabrieli na Mama Theresia, akaanza shule ya msingi mwaka 1966, akasoma sekondari mjini Singida, na mwaka 1980 akahitimu mafunzo ya takwimu Dar es Salaam. Enzi hizo alikuwa akiimba sauti ya pili katika kwaya, na ukienda kisimani ungemsikia kabla hujamwona.

Mwaka 1981 aliajiriwa Kiomboi kuhesabu mavuno ya wakulima, na tarehe 8 Desemba 1984 akafunga ndoa na Peniel Mkumbo, fundi seremala, wakajaliwa Noel na Elina, katika nyumba ile iliyonukia mbao za mninga, ambamo mgeni hakutoka bila kula.

Mwaka 2006 mvua zilikatika mapema, na chakula cha msaada kilipoletwa, hesabu ya kata nzima ilionyesha upungufu wa wastani, hivyo ikaamuliwa kila kaya ipewe kidogo, sawasawa. Severina, aliyekuwa amefika kila kitongoji, hakuridhika, akavipanga upya, vya mlimani peke yavyo na vya bondeni peke yavyo, na jibu likawa jingine kabisa, bondeni walikuwa wamevuna, mlimani hakukuwa na kitu. Akasema kikaoni, "Watu ni walewale, mavuno ni yaleyale, lakini ukihamisha mpaka, jibu nalo linahama. Tukiwachanganya, njaa ya mlimani inafichwa na magunia ya bondeni." Wakubwa zake wakakubali, chakula chote kikapelekwa mlimani.

Bondeni ndiko kwao. Mdogo wake, Samweli, alimjia juu, "Dada, umetunyima sisi damu yako?" Naye akamjibu, "Samweli, wewe una uwele ghalani. Kule juu nimekuta watoto wanalala na mlenda mtupu." Samweli alikata salamu mpaka Pasaka, alipopanda mlimani kujionea, akateremka, akafunga gunia la uwele kwenye baiskeli, akalisukuma kulekule juu, na jioni akasimama mlangoni kwa dada yake akasema tu, "Shikamoo, dada." Wakala pamoja.

Alistaafu mwaka 2018, akalima alizeti, hadi figo zilipoanza kumsumbua mwaka 2023, na Jumatatu tarehe 2 Juni 2025, alfajiri, akafariki akiwa na miaka 67, Samweli akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu wanne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, wanakwaya, na majirani mliochota maji na kupika tangu msiba uanze.

Dada Severina, lala kwa amani, umetulea vema.