Tak Sun-rye, Aliyefunga Jiko la Kanisa

Mbele za Mungu na mbele yenu ndugu mliokuja kumsindikiza, familia inaomba kuwasomea maisha ya mama yetu, Shemasi Tak Sun-rye. Ninayesoma ni Ok Hye-won, mke wa mwanawe wa kwanza. Jana tulibishana nyumbani kama habari za mwaka 2013 zisomwe au zirukwe. Mwenyewe aliagiza zisomwe, nasi tumetii.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 katika kijiji kimoja cha Okgu, nje kidogo ya mji wa Gunsan, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa marehemu Bwana Tak Man-seok na marehemu Bibi Gye Ok-bun. Vita vilikuwa vimepamba moto. Mama yake alijifungua asubuhi, na kabla jua halijazama alikuwa kisimani akiteka maji. Ukoo mzima ulisimulia habari hiyo kwa majivuno, na marehemu alikua akiamini kwamba ndivyo mwanamke anavyopaswa kuwa.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini na kumaliza mwaka 1964. Ada ya kuendelea haikupatikana, akajiunga na darasa la jioni la kanisa, na huko ndiko alikobatizwa mwaka 1966. Mwalimu wake alimlalamikia baba yake kwamba binti huyu akimaliza hesabu zake huwamalizia na wenzake.

Mwaka 1967 aliajiriwa katika kiwanda cha mbao mjini Gunsan, na hapo ndipo alipokutana na Ma Bok-nim, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka miwili. Walilala chumba kimoja, walivaa koti moja kwa zamu, na Bok-nim alimwita dada tangu siku ile. Mwaka 1978 marehemu alifungua kibanda cha vitoweo sokoni: kabichi ya kuchachusha, figili, dagaa wa kukaangwa kwa soya. Aliamka saa kumi alfajiri kila siku, na hakuna aliyewahi kumwona ameegemea kitu.

Aliolewa na Bwana Bang Gil-yong, baharia wa bandarini, tarehe 12 Oktoba 1974. Siku ya harusi bibi harusi alitoweka mezani. Bwana harusi alimkuta jikoni, amefunga mikono ya nguo yake ya harusi kwa kamba, upawa mkononi. Akamwambia, "Leo wewe ni mgeni." Naye akajibu, "Tambi hazijui hilo." Mungu aliwajalia watoto wawili, Seong-min na Eun-gyeong. Baba aliaga dunia mwaka 2009, na Jumapili ya pili baada ya mazishi marehemu alikuwa amerudi jikoni.

Jiko hilo ni jiko la kanisa letu. Alilisimamia tangu mwaka 1986 kwa miaka ishirini na saba. Kila Jumapili watu mia tatu walikula wali na supu baada ya ibada. Ibada ilikuwa juu, jiko lilikuwa chini. Ukutani palikuwa na spika ndogo ya kutusikilizisha mahubiri, lakini feni ya moshi iliyameza. Tulijua mchungaji amemaliza tulipovisikia vishindo vya miguu ya watu kwenye ngazi.

Mimi niliingia humo mwaka 2004, mkwe mgeni. Siku moja aliniuliza mbele ya wanawake wote, "Hye-won, hicho kitunguu saumu unakimenya au unakibembeleza?" Walicheka sana. Nilimwogopa, na alijua kwamba namwogopa.

Tarehe 17 Novemba 2013 ilikuwa Jumapili ya shukrani ya mavuno, na tulitarajia watu mia nne. Saa tatu asubuhi Shemasi Bok-nim, yule rafiki yake wa kiwandani, aliacha kisu akasema, "Dada, mkono huu wa kulia unakufa ganzi. Na kichwa kinagonga."

Marehemu alikuwa kwenye sufuria ya mifupa. Hakugeuka. "Maliza figili kwanza, halafu uketi," alisema. "Watu mia nne wanakuja."

Nilikuwa hatua mbili kutoka hapo. Nilisikia, nikanyamaza. Bok-nim alihamishia kisu mkono wa kushoto, akazimaliza figili zote. Saa tano na dakika kumi alianguka kati ya meko mawili. Juu walikuwa wakiimba wimbo wa mavuno, na kwa feni ile hakuna aliyesikia tulivyoita. Nilipanda ngazi mbio nikakatiza wimbo. Hospitali walituambia mshipa ulikuwa umeziba kichwani, na kwamba saa mbili zile zilikuwa na thamani kubwa. Upande wa kulia wa mwili ulikufa, na ulimi ukawa mzito.

Sasa linakuja jambo alilonikataza nisilifiche. Gari la wagonjwa lilipoondoka, marehemu alinawa mikono, akafunga aproni upya, akapakua sahani mia nne. Watu wakasifu supu.

Tarehe 4 Desemba, siku ya Jumatano, aliomba kuingia katika kikao cha wazee wa kanisa. Aliweka funguo za jiko mezani akasema kuanzia Jumapili iliyofuata jiko halitawashwa tena siku ya ibada. Bwana ametoa siku moja ya kupumzika, alisema, nasi tumewanyima wanawake kumi na nne wa jikoni siku hiyo. Krismasi ilikuwa mlangoni. Mzee Pyo Tae-jun, ambaye yupo nasi leo na ameruhusu maneno yake yasomwe, alimwambia, "Mama Shemasi, tunajua una majonzi. Lakini watu wakishuka kutoka ibadani watakula nini?"

"Watakula kwao."

"Na wazee wanaoishi peke yao? Kwa wengine hicho ndicho chakula cha moto pekee cha wiki nzima. Kanisa lisilolisha watu ni kanisa gani?"

Swali lilikuwa la haki, na marehemu alilijua. Akasema, "Mzee Pyo, miaka ishirini na saba sijasikia mahubiri hata moja mpaka mwisho. Nimewalisha, na sijui mnaamini nini."

Walibishana saa tatu nzima. Mwishowe ikakubaliwa kwamba chakula cha wale wazee wapweke kitapikwa Jumamosi, na wanaume ndio watakaokipeleka majumbani kwa zamu. Jiko likafungwa. Familia kumi na moja zilihama kanisa kabla ya Pasaka. Sokoni baadhi ya waumini walipita kibanda chake wakitazama upande wa pili, na Jumapili palikuwa na minong'ono kwamba Tak Sun-rye amewaadhibu watu wote kwa kosa lake mwenyewe. Hakuikanusha.

Wala kuketi hakukumjia kirahisi. Jumapili ya kwanza alitoka mara mbili katikati ya mahubiri, akashuka kugusa meko yaliyokuwa baridi. Ya pili nilimshika mkono wa koti.

"Mama, keti."

"Nimeketi."

"Miguu haijaketi."

Alinitazama, nikadhani atanifokea. Akaweka mkono wake juu ya goti lake na kulikandamiza mpaka ibada ikaisha.

Kila Jumanne alifunga kibanda saa nane mchana akaenda nyumbani kwa Bok-nim. Mumewe, Bwana Noh Jae-pil, alimpokea mlangoni kwa neno moja: mkewe hataki kumwona. Vyakula alivyobeba vilirudishwa. Bwana Noh alisema kitu kilichopikwa na mkono huo hakitavuka kizingiti. Basi akawa anakuja mikono mitupu. Alikaa kwenye ngazi, bila cha kumenya, bila cha kukoroga, mpaka saa kumi na moja, akaondoka. Majirani walimcheka. Miezi saba ilipita hivyo, baridi na mvua, na nyumbani tuliogopa kwamba anaharibikiwa akili. Eun-gyeong alimsihi aache. Alijibu kwamba huo ndio muda pekee wa wiki anapomwomba Mungu bila kufikiria kingine.

Mlango ulifunguliwa Julai 2014. Bok-nim alihitaji muda mrefu kusema "ingia". Tangu siku hiyo Jumanne zilikuwa zao. Marehemu alikuwa na tabia ya kuwamalizia watu sentensi. Kila alipofanya hivyo Bok-nim aligonga kitanda kwa mkono wake mzima, akaanza upya tangu neno la kwanza. Hivyo ndivyo alivyofundishwa kungoja, akiwa na miaka sitini na mitatu. Nasi tuliona matunda yake nyumbani: alianza kuuliza swali kisha akakaa kimya mpaka ujibu. Lakini kuhusu siku ile ya mavuno, Bok-nim hakusema kitu. Marehemu alimwomba msamaha mara nyingi. Bok-nim aligeuza uso.

Mei 2022 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, iliyokuwa imeshapita hatua ya upasuaji. Alifunga kibanda bila sherehe. Hakuugua kwa upole sikuzote. Aliwagombeza wauguzi kwa mwendo wao wa polepole, kisha akajicheka. Februari mwaka huu alilazwa, na hakutoka tena.

Alhamisi tarehe 14 Machi 2024, saa tisa alasiri, Bwana Noh alimleta Bok-nim kwa kiti cha magurudumu. Pumzi ya mama ilikuwa inakatika. Ilikwenda, nasi tukahesabu mpaka irudi. Bok-nim akafungua kinywa. "Siku..." akasema, akakwama. Tuliona kwamba hatafika mwisho wa sentensi. Seong-min alitaka kumwita daktari. Eun-gyeong, akilia, alisema, "Mama, anataka kusema amekusamehe."

Marehemu aliinua kidole kumnyamazisha. "Mwache," alisema. "Amalize mwenyewe."

Tukangoja. Neno likaja, kimya, neno. Mara mbili tulidhani mama ameshaondoka, na mara mbili pumzi ilirudi. Ilichukua karibu robo saa.

"Siku ile hata mimi sikutaka kuketi," alisema Bok-nim. "Nikakubebesha kosa peke yako."

Mama alimtazama, akangoja kama kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Akaomba kiti kisogezwe, na Bok-nim akaushika mkono wake kwa ule mkono mzima. Saa tisa na dakika arobaini mama alilala katika Bwana, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Ameacha mwana, Bang Seong-min, na mkewe Ok Hye-won. Binti, Bang Eun-gyeong, na mumewe Chu Dong-hyeok. Wajukuu watatu, Ha-jin, Ye-dam na Woo-bin. Mdogo wake, Tak Sun-im. Na Ma Bok-nim, aliyetuomba jina lake liandikwe pamoja na ndugu.

Bwana aliyempa pumzi na kuichukua ampumzishe kwa amani yake. Amina.