Majibu ya Proscovia Nabwire Ofwono, 1971–2025

Hizo laki nane zirudi kwenye bahasha na bahasha irudi kwenye gari lililoileta, na wewe Mzee Olupot usinivute koti, najua ndiwe mwenyekiti wa mazishi haya na najua jeneza halijamaliziwa kulipwa, lakini Bwana Ekaju, mhasibu wa mradi wa utafiti, amesimama hapa mbele ya watu akasema pesa hizi ni rambirambi na pia ni za kufunga jambo la mama Proscovia, na jambo hilo halijafungwa, kwa hiyo mpaka nimalize kusoma hakuna mtu wa kwetu atakayeigusa bahasha hiyo.

Sasa nasoma, naomba utulivu, na nyinyi wa jikoni pia, shemeji Dorah, punguzeni sauti, chakula hakikimbii. Mimi ni Paddy Oguttu, fundi wa pampu za visima, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na nasoma kwa Kiswahili kwa sababu sisi Wasamia wa Busia hatusikii Dhopadhola, shemeji zetu wa hapa Osukuru hawasikii Kisamia, na Kiingereza kitawafaa wageni wa mradi peke yao.

Marehemu Proscovia Nabwire alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1971, kijijini kwetu karibu na Lumino, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Oguttu, akabatizwa mwaka huo huo, akaanza masomo mwaka 1979 na kumaliza darasa la saba mwaka 1985, akapasi vizuri, lakini ada ya sekondari haikupatikana, au tusidanganyane mbele ya jeneza, ilipatikana, ikageuka kuwa ng'ombe wa mahari ya kaka yetu mkubwa.

Mwaka 1986 alianza kazi ya kununua mukene, dagaa wetu wa ziwani, huko Majanji, na kuuza katika soko la Tororo, kazi aliyoifanya mpaka mwaka huu, na wateja wake walioko hapa ni mashahidi kwamba mukene wake haukuwa na mchanga, na aliyeleta mchanga kutoka ziwani alirudishiwa mzigo wote na maneno juu yake. Sokoni hapo ndipo alipomkuta marehemu Arnold Ofwono, dereva wa lori, ambaye alinunua mukene kila siku kwa mwezi mzima mpaka mama yake akamuuliza kama amefuga paka, mahari ikaletwa kwetu Jumamosi tarehe 8 Agosti 1992, wakafunga ndoa kanisani mwaka 1995, na Mungu akawajalia watoto watatu, Barbara mwaka 1993, Ogwang mwaka 1996, na Loy mwaka 2000.

Sasa nafika mahali ambapo mchungaji aliniomba nipite haraka, na sipiti haraka, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliniagiza niseme, na shemeji Arnold kabla ya kufa hakuficha. Mwaka 2004 Arnold aliugua, wakapimwa wote wawili, yeye akakutwa na HIV na dada yangu akakutwa hana, muuguzi akatikisa kichwa akasema mama, mashine imekosea, rudi baada ya miezi mitatu, akarudi, hana, akarudi tena, hana, na hawa walikuwa mke na mume waliolala kitanda kimoja miaka yote hiyo bila kondomu, kwa sababu hakuna aliyejua. Tangu walipojua walijikinga, Arnold akaanza vidonge mwaka 2008, akafariki kwa kifua kikuu tarehe 3 Juni 2011, na mke wake alimuuguza mpaka mwisho.

Lakini boma hili halikungoja majibu ya mashine, lilikuwa na majibu yake, kwamba mwanamke wa Samia ana dawa ya kwao, amejikinga yeye akamwacha mume aliwe, na mwaka 2005 mama mkwe alipofariki, Proscovia, mke halali wa boma, aliambiwa asiguse sufuria ya matanga, achote maji tu, na jioni wakamwaga hata hayo maji. Aliyemwambia hivyo ni Dorah, dada yake Arnold, na mwaka uliofuata Dorah huyo huyo alikuja nyuma ya nyumba na chupa tupu ya soda, akamwomba wifi yake ateme mate humo, kwa maana alikuwa amesikia gari la mradi linakuja kuchukua mate ya Proscovia, akafikiri kama wazungu wanayataka basi ndiyo dawa, na yeye alikuwa ameanza kukonda. Dada yangu alimwambia, "Wifi, mate yangu hayaponi mtu, yangekuwa yanaponya ningekuwa nimemtemea kaka yako asubuhi na jioni," akachukua chupa akaitupa shimoni, akampandisha Dorah boda mpaka kliniki, akakaa naye kwenye benchi mpaka akapimwa na kupewa tarehe ya kurudi, na leo ni miaka kumi na tisa Dorah anameza vidonge vyake, ndiye anayewapikia huko nyuma, na jana aliniambia, Paddy, usiposema hilo nitakunyang'anya maiki niseme mwenyewe.

Na huo mradi, kuanzia mwaka 2006 mpaka 2009, kila baada ya miezi mitatu marehemu aliacha meza yake ya mukene akaenda kliniki ya utafiti mjini Tororo, akatoa damu, mate, na ute wa njia ya uzazi kwa kijiti cha pamba, na mwaka 2016 walimwita tena akaenda. Nilimuuliza Daktari Amulen, aliyekuwa muuguzi wa mradi wakati ule na leo ndiye msimamizi wake, wanatafuta nini kwenye ute wa dada yangu, na namshukuru kwamba hakunifukuza, alivuta kiti akanieleza mpaka chai ikapoa, kwamba mdomoni, kooni, utumboni na kwenye njia za uzazi mwili haukufunikwa kwa ngozi kavu bali kwa utando laini wenye ute, na katika ute huo mwili humwaga protini za ulinzi tulizozaliwa nazo, zisizongoja kufundishwa na ugonjwa wala chanjo, ambazo ziko kazini kabla adui hajabisha hodi, nyingine huitwa difensini, hutoboa ganda la kirusi, nyingine laktoferini, hukishika kirusi kisinase kwenye chembe za mwili, na nyingine elafini, ambayo nitairudia.

Nikasema, basi ni kama chujio la pampu. Akasema hapana Paddy, chujio limelala tu, hizi zinapigana. Nikasema, basi dada yangu ana jeshi kali kushinda kambi ya Rubongi, akacheka, akasema hapana tena, akaeleza kwamba jeshi hilo likifanya fujo sana utando huvimba, na uvimbe huita chembe nyeupe za damu zije kusaidia, na baadhi ya chembe hizo ndizo hasa HIV inazotafuta ili iingie, yaani unapiga yowe la mwizi, na watu wanaokuja mbio ndio hao mwizi aliokuwa akiwangoja, kwa hiyo huenda mwanamke asiyeambukizwa si mwenye ulinzi mkali zaidi bali mwenye ulinzi unaoua na kutuliza kwa pamoja, na elafini inafikiriwa kufanya kazi zote mbili. Aliniambia pia, na nasema kama alivyosema, kwamba huenda si protini hizo, huenda ni jambo jingine la kurithi, huenda ni bahati, na mtu yeyote hapa asitegemee ute wake akaacha kondomu au vidonge. Nikamuuliza, sasa kwa Proscovia ni lipi kati ya hayo? Akasema, sampuli zilipelekwa nje, majibu yakitoka mama atakuwa mtu wa kwanza kujua, na maneno hayo hayo marehemu aliambiwa mwaka 2006, na 2009, na 2016.

Msidhani ni udadisi wangu tu, ingawa udadisi ninao. Januari mwaka huu watu wa mchumba wa Loy, binti wa mwisho, walikuwa waje kujitambulisha kutoka upande wa Rubongi, wakatuma neno kwamba watangoja kwanza, wanataka kujua binti amerithi nini kwa mama yake, na Loy mwenyewe, ambaye ndiye anayeshika picha ya marehemu pale mbele, anauliza swali hilo hilo kwa sababu zake, kama alirithi ulinzi au hakurithi kitu, na hakuna mtu wa kumjibu zaidi ya watu wa mradi waliokaa kwenye viti vile vya plastiki vya bluu.

Mwezi wa Februari 2025 marehemu alianza kukwamwa na posho, yaani ugali, kooni, baadaye uji, na tarehe 19 Mei madaktari wakatuambia ni saratani ya koo la chakula. Nilimuuliza Amulen mbona utando uliokizuia kirusi haukuzuia hii, akasema saratani haibishi hodi kutoka nje, hutoka kwenye chembe za mtu mwenyewe, na nilimwamini, kwa kuwa asipojua husema hajui. Jumapili iliyopita, akiwa hawezi kumeza hata maji, dada yangu aliniuliza kwa sauti ya kukwaruza, "Paddy, wamesema nini?" nikamwambia bado, akafumba macho, na Jumatano tarehe 15 Oktoba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akatuacha, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, hana HIV.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani wa Osukuru waliochimba kaburi jana kwenye mvua, akina mama wa soko la Tororo waliofunga meza zao leo, ndugu waliotoka Busia pande zote mbili za mpaka, na Dorah na wenzake jikoni. Dada Proscovia, umefanya kazi ya kutosha, pumzika kwa amani, na Mungu akupokee.

Daktari Amulen, Bwana Ekaju. Mlichukua damu, mate na ute wa mtu huyu kwa ahadi. Matanga tunamaliza Jumamosi tarehe 22 Novemba, hapa hapa, saa nne asubuhi. Kama majibu yapo, leteni. Kama sampuli zilipotea, semeni zilipotea. Kama hamjui, semeni hamjui, Loy akisikia. Mnadaiwa majibu ya Proscovia Nabwire, na tunayataka.