Everlyn Ajwang, Afisa Aliyekataa Kutia Sahihi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Everlyn Ajwang, afisa wa afya ya umma, mkazi wa mtaa wa Satellite. Alifariki Jumanne kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Kazi yake ilikuwa kukagua vyakula vya mikebe kutoka ng'ambo. Miaka miwili iliyopita aliitwa kwenye ghala moja mjini kukagua shehena ya samaki wa mikebe iliyoingia kupitia bandari ya Mombasa. Meneja, Bw. Kihara, alikuwa amempangia mikebe kumi mezani, imepanguswa hadi inang'aa, kando ya birika la chai. Ndiyo desturi ya waungwana hao: mwenye mali hujichagulia sampuli ya kukaguliwa. Ni kama mwizi kumwonyesha askari nyumba ya kupekua.

Ajwang aliipita meza. Alichomoa mkebe chini kabisa ya rundo. Ulikuwa umevimba, dalili kwamba samaki wa ndani wameoza.

"Madam, hiyo ni joto ya Mombasa tu," Kihara alisema. "Imeshiba kidogo."

"Sawa. Fungua, ule."

Kihara, shujaa wa suti, alikumbuka ghafla kwamba yeye hali samaki.

Ajwang alikataa kutia sahihi cheti cha kuruhusu shehena hiyo iuzwe. Narudia: alikataa. Wiki iliyofuata alihamishwa, akapewa kazi ya kukagua vyoo vya soko. Mwenzake, Bw. Odero, alitia sahihi bila hata kuvua miwani ya jua. Mikebe ikafika madukani mtaani Kangemi, nusu bei.

Ajwang hakunyamaza. Kila jioni baada ya kazi alipita Kangemi duka kwa duka, akiwafundisha wanunuzi kubonyeza kifuniko kwa kidole gumba. Kikicheza, usinunue. Mwihaki, mwenye duka, anakumbuka: "Nilimwambia, 'Mama Valarie, unaniharibia biashara!' Akaniambia, 'Afadhali biashara iharibike kuliko mtoto wa mtu.' Nikatoa mikebe yote."

Jana, kwenye ibada ya mazishi, Bw. Odero alisimama bila kuitwa. Alisema yeye na marehemu walipigania afya ya wananchi bega kwa bega. Bega kwa bega! Valarie, bintiye marehemu, alimwendea na kuchukua kipaza sauti kwa adabu zote.

"Asante, anko. Sasa keti. Wenye walimjua mama bado hawajaongea."

Odero aliketi.

Valarie na jamaa yote, poleni sana. Nanyi wasikilizaji wapendwa, wengi wenu mna kalamu na cheo. Kabla hujaandika jina lako chini ya karatasi, jiulize ni nani atakayekula ulichokiidhinisha.