Machenza Mawili ya Mwalimu Foong

Sogeeni, wanangu. Bee Choo, zima feni, inanipuliza mifupa. Na wewe Teck Huat, weka simu chini, leo nitazame mimi mama yako.

Bangili ya jade, hii ya jiwe la kijani, ni ya Bee Choo. Nyumba hii ni yenu wote wawili, asije mmoja akamsukuma mwenzake nje kwa maneno ya mke au mume. Shangazi yenu, tuliyenuniana naye tangu mazishi ya baba yenu, mwiteni; hasira ile naiacha hapa, siendi nayo.

Sasa sikilizeni lililonikaa kooni. Mwaka Mpya wetu wa Kichina uliopita alikuja mzee Foong, mwalimu mstaafu, katoka Ipoh, ng'ambo ya mpaka, kwa basi, machenza mawili mkononi kama mtu mwenye adabu zake. Alikuwa akiitafuta kampuni iliyomeza kiinua mgongo chake. Anwani aliyopewa ni mlango huu, na mkurugenzi ni wewe, Teck Huat, unayewakodisha wageni jina lako kwa kuwa sheria inataka kila kampuni iwe na mkurugenzi anayeishi hapa, ukatia sahihi usichokisoma. Alipoona ndala zangu na nguo nilizoanika, nyumba ya watu na si ofisi, aliyeona aibu ni yeye! "Nisamehe, dada," akasema, "nimepotea mimi. Nchi yenu safi hii, hapa hawaibii watu." Nami nilijua, wanangu, bahasha za kampuni zile nazipokea mwenyewe. Nikamjibu, "Ndiyo, umepotea." Nikapokea machenza yake, nikafunga mlango, wala sikumrudishia mawili kama desturi inavyotaka.

Tangu siku hiyo, wakitusifu kwenye televisheni kwa usafi wa nchi yetu, nainamisha uso. Kipisi cha sigara hatutupi barabarani, lakini uchafu wa watu tumeuficha ndani ya majina ya watoto wetu. Naona haya. Usiniambie, "Mama, kila mtu anafanya, ni karatasi tu." Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi changu kimeshafika.

Teck Huat, kabla jina lako halijaandikwa chini ya langu kwenye tangazo la kifo gazetini, lifute kwanza kwenye kampuni zote hizo. Usipolifuta, Bee Choo atanitangaza peke yake. Kisha panda basi uende Ipoh kwa mzee Foong, na machenza mawili, makubwa, yenye majani yake... Maji, Bee Choo... Akitaka ushahidi, mpe. Usimfiche kitu.

Wazee wetu wawalinde, wanangu. Mpendane... Na yule mwalimu, mwambie... mwambie hakupotea. Mlango ulikuwa huu.